Udongo wa Kusubiri

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe ishirini na moja Aprili, kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri. Ambakisye Mwakatobe, mchimba visima, anazijua saa hizo kuliko anavyoijua siku yake ya kuzaliwa. Saa mbili mkewe Subilaga alimwomba amsindikize zahanati, ng'ambo ya mto Lusungu, maana homa ilikuwa imempanda. Saa tisa walikuja watu wakainama mdomoni mwa shimo wakamwambia, panda juu baba, usiulize, panda tu.

Katikati ya saa hizo alikuwa chini, futi arobaini, akichimba kisima cha mtendaji wa kata aliyetaka maji kabla ya Jumapili. Mkewe alikuwa ameambiwa atangulie, yeye angefuata akishagonga mwamba. Subilaga hakubishana. Alipika ndizi na maharage, akafunika bakuli kwa sahani ya bati, akajifunga kitenge na kuondoka na homa yake. Mto ulikuwa umejaa, mwenye mtumbwi hakuthubutu. Akalala ukingoni kusubiri maji yapungue, na yalipopungua hakuwa tena na haja ya kuvuka.

Hatua tatu kutoka pale alipolala pana jiwe bapa. Juu ya jiwe hilo, miaka sita kabla ya hapo, Mheshimiwa Kasyupa alisimama akaahidi daraja. Akina mama walipiga vigelegele, ng'ombe akachinjwa, Mheshimiwa akala paja akaondoka.

Tangu Alhamisi ile Ambakisye alikuwa na neno moja tu mdomoni, daraja. Ukimwamkia, anakujibu daraja. Ukimpa pole, anakuuliza pole ya nini, wakati waliomuua wanajulikana na wanapita barabarani na vioo vimefungwa. Bakuli la ndizi hakulitaja kwa mtu. Wanawake wa msibani walikuwa wamelimwaga na kuliosha pamoja na vyombo vingine, naye hakuuliza.

Ndiyo maana tangazo lilipotoka kwamba serikali inatafuta mchimba visima wa kufuatana na ujumbe kwenda nchi ya Yelema, yeye aliuliza kitu kimoja tu: nani mkuu wa msafara? Akaambiwa Kasyupa. Akaenda kunoa sururu. Hakuwa na hamu ya kuona nchi. Alitaka kumpata yule bwana mahali pasipo na mlango wa nyuma.

Safari ya Yelema ni ndefu na haina la kusimulia. Mtu analala sana, anaamka amevimba miguu, amefika.

Wayelema si watu, wala hawajaribu kuwa watu. Mmoja wao ana kimo cha kifua cha mtu mzima na umbo la kichuguu kilichonyeshewa. Hana uso wala mgongo, na chini yake ana vijiguu vingi vifupi, vimefunguka kama viganja. Husema kwa mwili mzima, kama mtu aliyeingiza kichwa mtungini. Kiswahili walijifunza kwa siku nne kutoka kwa Bi Mwamvita Kilindo, katibu wa ujumbe, mama mnene mwenye miwani ya kamba, aliyekuja na fomu mia tatu ndani ya sanduku la chuma.

Kila fomu ilikuwa na swali moja, Kiumbe huyu anataka nini, na visanduku vitano vya kutia alama: ardhi, mali, madaraka, kisasi, mapenzi. Visanduku hivyo vilibuniwa na wataalamu kumi na mmoja waliokaa hotelini wiki tatu. Mheshimiwa Kasyupa alivipenda sana. Alisema kila kiumbe kina tumbo, na ukishalijua tumbo lake umekijua chenyewe. Wayelema hawana tumbo. Jambo hilo liliandikwa kwenye ukurasa wa mengineyo.

Siku ya kwanza ya kazi Bi Mwamvita alimweka Myelema mmoja mbele ya meza.

"Unataka nini?" akamuuliza.

"Hapa?"

"Hapa, popote."

"Popote ni wapi?" Myelema akauliza, na mwili wake wote ukageuka kutafuta.

Ilichukua siku tisa kuelewa, na aliyeelewa kwanza hakuwa mwenye fomu. Huko Yelema, kutaka hakukai ndani ya kiumbe. Kunakaa ardhini. Kuna kilima chenye hamu ya kuimba, basi apitaye pale anaimba, akishuka ameacha. Kuna bapa la changarawe lenye kutaka kupanga vitu kwa ukubwa, na huwezi kulivuka na Myelema kabla hajazipanga kokoto zote zilizo karibu. Akitoka pale hajutii wala hajioni kigeugeu, kama wewe usivyojiita msaliti kwa kutoka juani ukaingia kivulini. Wataalamu walisema ni utoto. Ambakisye, ambaye shule aliiacha darasa la nne, aliona ni jambo jepesi tu. Ndoo haina maji yake. Maji ni ya kisima.

Sheria zao zote zimetoka hapo. Jina la Myelema ni jina la mahali aliposimama, akisogea linabadilika. Mahakamani, wenye kesi hubadilishana nafasi kila baada ya muda, na kila mmoja humtetea mwenzake kwa ukali uleule aliomshambulia nao. Ambakisye alihudhuria kesi ya ukuta uliobomolewa. Kufikia mchana hakuna aliyekumbuka ilikuwa ya nani, wakaenda wote wawili kuujenga, kwa sababu pale ukuta ulipoanguka palitaka ukuta. Bungeni, misimamo ni ya viti. Kila asubuhi wabunge huingia na kukaa penye nafasi, kisha hubishana mpaka povu. Kiti cha kupinga hakiachwi wazi hata siku moja, kikikosa mtu Bunge zima linaahirishwa.

Mheshimiwa Kasyupa alikaribishwa katika kiti cha kupinga. Alikaa dakika ishirini, akasema hahisi kitu, na kwamba yeye ni mtu asiyeyumba.

"Ukisimama mahali ukatoa ahadi," Wayelema walimuuliza kwa heshima, "kisha ukaenda nyumbani, ahadi inabaki wapi?"

"Naondoka nayo," akasema Kasyupa. "Inakaa hapa, moyoni."

Wakaomba waoneshwe. Hawakuwa na kejeli, walitaka kuona tu. Kasyupa alifunga kifungo cha koti. Ambakisye, nyuma kabisa na ndoo zake, alicheka mpaka Bi Mwamvita akamkanyaga mguu.

Kuna bonde moja huko ambalo bibi huyo alilitembelea mara kumi na nne. Ni bonde la malezi. Watoto wao wachanga wote huachwa hapo, na Myelema yeyote anayekatiza anakuwa mama mpaka atoke upande wa pili. Sheria inasema lazima njia kuu zote tatu zipite bondeni humo. Basi hakuna mchanga anayelia hata kidogo, wala hakuna anayejua alizaliwa na nani, wala hakuna anayejali. Mara ya kwanza Bi Mwamvita aliweka alama kwenye kisanduku cha mapenzi. Akaifuta. Akaiweka. Mwisho akaikunja ile fomu, akakaa juu ya sanduku lake.

"Mzee Mwakatobe," alisema, "miaka kumi na miwili nimeandika michezo ya redio juu ya viumbe wa kwenye nyota. Wote walitaka kututawala. Mmoja tu alitaka kuoa. Kumbe nilikuwa naandika ukoo wetu, nimewaongezea mikono."

"Ukoo wenu ndio uliopo madarakani," akamjibu Ambakisye.

"Na wewe je? Ungeandika, wangetaka nini?"

"Daraja," akasema, na bibi akacheka akidhani ni mzaha.

Ambakisye alishindwa kumpata Kasyupa peke yake kwa siku ishirini. Alipompata, mbele ya hema, alimuuliza waziwazi: lile daraja la Lusungu, Mheshimiwa, ulilitaka au hukulitaka? Kasyupa alimshika bega. "Mzee wangu," alisema, "ile ilikuwa awamu nyingine." Kisha akaingia hemani. Hata Yelema, hema lilikuwa na mlango wa nyuma.

Sasa lije kosa la kisima.

Wayelema hawanywi, lakini ujumbe unakunywa, hivyo Ambakisye alipewa kazi yake. Alitembea peku siku mbili kama alivyofundishwa na baba yake, akachagua kiwanja kimoja chenye udongo mwekundu, baridi, ambapo daima palikuwa na Myelema mmoja au wawili wametulia tu. Aliwaomba wapishe. Wakapisha. Akachimba, na udongo akaumwaga kando, juu ya njia kuu, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi.

Asubuhi yake njiani walikuwa wamesimama Wayelema themanini. Jioni, mia tatu. Hawakusema kitu, hawakusogea. Siku ya pili msururu ulifika bondeni.

Mheshimiwa Kasyupa alitoka akauangalia, akatangaza kwamba huo ni mgomo, na kwamba anawajua wagomaji tangu akiwa mkuu wa wilaya. Aliwahutubia. Aliwaahidi barabara ya pili. Aliwaambia madai yao yamepokelewa na yanafanyiwa kazi. Mtaalamu mmoja wa ujumbe akasema ni ibada, mwingine akasema ni maandalizi ya vita, wakatoleana maneno kwenye chakula cha mchana mpaka mchuzi ukapoa. Bi Mwamvita peke yake hakujaza fomu. Alikwenda shimoni akamwita mchimba kisima.

"Mzee, hebu njoo uangalie udongo wako."

Ambakisye alipanda juu akauangalia. Wayelema wote walikuwa wamesimama juu ya ule mwekundu, vijiguu vimezama. Mmoja, wa mbele kabisa, alikuwa yule aliyepisha kiwanjani. Ambakisye alikuwa ameshaanza kumwita Kichuguu, maana hakuweza kumbadilishia jina kila hatua.

"Mnafanya nini hapa, Kichuguu?"

"Tunasubiri."

"Mnasubiri nini?"

"Hapa hapana nini. Hapa ni kusubiri."

Ambakisye alichukua toroli. Alizoa udongo ule toroli baada ya toroli, akaurudisha kiwanjani akausambaza kuzunguka kisima, na kadiri njia ilivyosafishika ndivyo Wayelema walivyoamka na kwenda zao, bila lawama wala shukrani. Ilimchukua siku nzima. Toroli la mwisho hakulimwaga. Alikaa kando yake, akatia mkono ndani ya udongo, akauacha humo muda mrefu.

Kesho yake alimuuliza Kichuguu, wakiwa mahali fulani penye kupenda kujibu, hizi hamu zilitoka wapi.

"Tulizikuta," Kichuguu alisema. "Sisi hatuna cha kuacha. Labda zamani walipita wengine, wenye kutaka ndani kama ninyi, wakakaa sana mahali pamoja."

"Na kwetu, mtu akisimama juu ya jiwe akatamka jambo, wewe ukija ukasimama hapohapo utajua kama alilitaka?"

"Sijui. Sijasimama kwenu."

Tangu hapo Ambakisye hakulala vizuri. Alijiambia ni jiwe tu analotaka, jiwe bapa la Kasyupa. Ardhi yenyewe itoe ushahidi, watu wasikie, basi. Mengine hakujiambia.

Lakini utamwalikaje kiumbe asiye na hamu ya kusafiri? Kumbembeleza haisaidii, na zawadi hawajui ni nini. Ambakisye alizunguka nchi siku sita akiuliza, mpaka akaoneshwa karibu na mahali pa kuondokea mwamba mdogo wenye alama za miguu mingi. Hapo panataka kusindikiza. Anayesimama hapo humsindikiza mgeni anayeondoka mpaka kwake, na hageuki kabla mgeni hajafika. Siku ya kuondoka Ambakisye alimwomba Kichuguu amshikie sururu kidogo, hapo, palepale. Alisema baadaye kwamba aliona haya, maana ulikuwa mtego. Lakini Kichuguu alipomaliza kukanyaga ule mwamba alimwegemea ubavuni, mzito na wa uvuguvugu kama ndama, akasema, "Twende kwako." Ilikuwa muda mrefu tangu Ambakisye aambiwe hivyo.

Kwao walipokelewa na watu wengi na turubai moja. Ujumbe ulikuwa umerudi na sifa, na Mheshimiwa Kasyupa alichagua mapokezi yawe Lusungu, ukingoni, kwa sababu pana mandhari. Walimwekea kipaza sauti juu ya jiwe bapa. Alikuwa ameshafika kwenye mafanikio matano ya safari pale Ambakisye alipopenya katikati ya watu na Kichuguu wake nyuma, akaomba Mheshimiwa apishe mgeni asimame.

Mbele ya watu, mtu hawezi kumnyima mgeni. Kasyupa akashuka. Kichuguu akapanda.

Ambakisye alieleza kwa ufupi, kwa sauti ya mtu aliyekariri miaka mingi: hapa iliahidiwa daraja. Je, aliyeahidi alilitaka?

Kichuguu alituliza vijiguu vyake vyote juu ya jiwe. Akakaa. 

"Hapa pakavu," alisema. "Palisimamwa sana. Hapakutakwa kitu."

Bibi mmoja mwenye kapu la dagaa akasema bila kupaza sauti, "Haya, hata nyama ya ng'ombe hakuitaka, na alikula paja zima." Ukingo mzima ukaangua kicheko. Kasyupa alisema mgeni amechoka na safari. Alisema pia kwamba mawe ya kwetu ni ya aina tofauti, na kwamba litaundwa jopo. Kila alilosema lilizidisha kicheko, mpaka akatafuta gari lake kwa macho, na safari hii watu walikuwa wamesimama pande zote.

Hii ndiyo saa ambayo Ambakisye aliichimbia tangu Alhamisi ile. Alifungua kinywa acheke na wenzake. Hakuwahi.

Kichuguu, akimpisha Kasyupa aliyetaka kuchukua karatasi zake, alishuka jiweni akasogea pembeni. Hatua moja, mbili, ya tatu akasimama. Kisha akafanya jambo ambalo Ambakisye hakuwahi kuona Myelema akilifanya. Akajishusha taratibu mpaka akalala ubavu juu ya majani, umbo lake lote limeelekea upande wa kijijini.

"Kichuguu, inuka," Ambakisye alimwambia. "Hapo usikae."

"Hapa pana kutaka," Kichuguu alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, kama ya mtu anayebana pumzi asiipoteze. Akauliza, "Yule wa shimoni, amekula?"

Watu walitazamana. Yupi wa shimoni? Wengine walidhani anamaanisha maiti, wakajisogeza nyuma. Bi Mwamvita alivua miwani yake. Ambakisye Mwakatobe alikaa chini palepale kwenye matope na suruali yake ya mapokezi.

Walijaribu kumwondoa mgeni ili apelekwe kwenye chakula. Walimwita, wakamsukuma kidogo kwa heshima. Alikuwa kama wale mia tatu njiani, na kila baada ya muda aliuliza tena, bila hasira, kama mtu anayechungulia mlangoni. Daraja hakulitaja. Hakumtaja Kasyupa, wala zahanati, wala maji. Ardhi ile aliyolalia Subilaga ilikuwa na kitu kimoja tu.

Sasa huu ni mwezi wa pili tangu alale pale. Jopo limekuja mara mbili na kuondoka. Bi Mwamvita amekata visanduku vyote vitano kwa mkasi kwenye fomu yake ya mwisho, ikabaki swali juu na karatasi nyeupe chini, naye anasema hajawahi kuandika kitu kizuri kama hicho. Alimweleza Ambakisye anavyofikiri: huyu hataondoka mpaka ajibiwe, na akijibiwa hamu ya hapo itakuwa imetimia, ataondoka, na mahali patakauka kama lile jiwe.

"Najua," alisema Ambakisye. "Ni mimi niliyezoa ule udongo."

"Basi mjibu, mzee. Anachoka."

"Nimwambie nini? Nikisema nimekula, nimeongopa, na jiwe la mwongo lile pale, unaliona. Nikisema sikula, yeye alipika na homa."

Bibi akaikunja fomu yake, akaenda zake.

Leo asubuhi Ambakisye ameamka mapema akamenya ndizi mwenyewe, akapika na maharage, chumvi imezidi. Amefunika bakuli kwa sahani ya bati. Amelibeba mpaka ukingoni, amekaa kwenye majani hatua moja kutoka kwa Kichuguu, bakuli magotini. Mwenye mtumbwi amepita akamsalimia, "Umeamkaje, baba?" naye kwa mara ya kwanza baada ya miaka hakujibu daraja, alisema tu, salama. Ameshika ukingo wa sahani. Mvuke unatoka pembeni. Mto umejaa kiasi, na ule upande wa pili zahanati inaonekana, mlango wake wa buluu uko wazi.

Kichuguu amejigeuza kidogo kuelekea harufu.

"Yule wa shimoni," ameuliza, "amekula?"